Chama cha Baiskeli na Hesabu ya Mwaka

Mwaka ukiisha kila chama kinafanya kikao. Karani anasoma majina ya wanachama, mtunza feza anasoma mapato na matumizi, mkubwa wa chama anasimulia kazi zilizofanyika, kisha watu wanapiga kura na kunywa pamoja. Mambo haya tunayajua, maana parokia zetu zimejaa vyama: vya waimbaji, vya mama, vya vijana, vya mpira wa miguu, na mahali pengine vya baiskeli pia. Leo tunataka kutazama chama kimoja cha baiskeli ambacho kimefanya hesabu yake tangu mwaka 1878, na ambacho siku moja karibu kijiue chenyewe kwa kupiga kura. Ni chama cha Uingereza. Jina lake la zamani ni Cyclists' Touring Club, ndiyo kusema Chama cha Wasafiri wa Baiskeli.

Mtu atauliza: Uingereza inatuhusu nini sisi watu wa Kongo? Angoje kidogo. Katikati ya habari hii ataona njia inayoingia katika msitu wetu wenyewe.

Mwezi wa Agosti 1878 waendesha baiskeli walikusanyika katika mji wa Harrogate, upande wa kaskazini wa Uingereza. Kati yao alikuwapo kijana Stanley Cotterell, aliyejifunza uganga kule Edinburgh. Vyama vya baiskeli vilikuwapo tayari katika miji mingi, lakini kila kimoja kilikuwa cha mji wake, na vingi vilipenda mashindano. Cotterell alitoa shauri jingine: kiwepo chama kimoja cha nchi nzima, cha watu wanaosafiri na kusaidiana njiani. Wakakubali, chama kikazaliwa.

Tusifikiri kwamba baiskeli za siku zile zilifanana na kinga zetu. Gurudumu la mbele lilikuwa kubwa, likimfikia mtu mzima kifuani; la nyuma lilikuwa dogo kama la kigari cha mtoto. Mwendeshaji alikaa juu kabisa, na jiwe dogo la njiani lilitosha kumtupa chini kwa kichwa. Mpira ulikuwa mgumu, hauna pumzi ndani. Njia nazo zilikuwa mbaya, kwa sababu tangu gari la moshi kuja watu hawakuzitunza kama zamani. Wenye magari ya farasi waliwachukia hawa wapandaji wapya waliotisha wanyama wao, na wengine waliwachapa mijeledi wakipita. Na jioni, mtu aliyefika hotelini amejaa vumbi hakuwa na hakika ya kupokewa.

Basi chama kilianza na mambo hayo ya kila siku. Katika kila mji kilitafuta mwanachama mmoja wa kuwaonyesha wageni njia njema, hoteli njema na fundi mwaminifu, walimwita konsuli. Kilipatana na wenye hoteli juu ya bei ya kitanda na chakula, na hoteli iliyokubali ilitundika ukutani kibao cha chuma chenye alama ya chama, gurudumu lenye mabawa. Kilitoa gazeti kila mwezi. Mwaka 1880 kiliwapokea wanawake, jambo ambalo vyama vingi vya wakati ule vilikataa. Mwaka 1883 kilibadili jina lake la kwanza, Bicycle Touring Club, ili wapandaji wa baiskeli za magurudumu matatu wasijione wageni. Mwaka 1886, pamoja na umoja wa vyama vya mashindano, kilianzisha shirika la kudai njia zitengenezwe. Na mwaka 1888 sheria ya Uingereza ikasema wazi kwamba baiskeli ni gari kama magari mengine, nayo ina haki ya kupita barabarani.

Kuna kazi moja ndogo ambayo sisi tunaipenda kuliko zote. Juu ya milima mikali chama kiliweka mbao zenye maneno ya kuwaonya waendesha baiskeli kwamba mteremko ule ni wa hatari. Breki za siku zile zilikuwa dhaifu, na watu walikufa milimani. Ubao ule haukumwuliza mtu kama amelipa mchango wa mwaka. Aliyelipa aliusoma, asiyelipa aliusoma, na wote wawili walifika chini wazima. Kazi ya namna hii haina mahali pake katika kitabu cha mtunza feza, isipokuwa upande wa matumizi.

Mwaka uleule wa 1888, katika mji wa Belfast, mganga wa wanyama aliyeitwa John Boyd Dunlop alimfanyia mtoto wake mpira wenye pumzi kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu, maana mtoto alilalamika kwa kurukarushwa. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikwisha kuandikisha shauri hilo mwaka 1845, lakini watu walikuwa wamelisahau. Tarehe 18 Mei 1889, William Hume, mkubwa wa chama kidogo cha baiskeli cha Belfast, alikwenda mashindanoni na mipira hiyo. Watu walicheka walipoona magurudumu yake manene. Aliposhinda, wakaacha kucheka. Wakati huohuo baiskeli yenye magurudumu mawili ya kimo kimoja na mnyororo, iliyotoka Coventry mwaka 1885, ilikuwa inaenea. Vitu hivyo viwili vilipokutana, baiskeli ikawa chombo cha kila mtu: cha kijana na mzee, cha mwanamume na mwanamke.

Ndipo hesabu za chama zikapanda kama maji ya mto wakati wa mvua. Mwaka 1899 wanachama walikuwa 60,449. Mtu akisoma namba hiyo atasema: chama hiki hakina haja ya kufikiri tena juu ya kesho.

Lakini mpira ule ulitoka wapi?

Sehemu kubwa ilitoka Brazili, nasi hatutaki kusema uongo kwamba kila baiskeli ya Uingereza ilikwenda juu ya mpira wa Kongo. Tena mpira ulitakiwa pia kwa nyaya za umeme na kwa mitambo. Lakini bei ilipanda kwa sababu dunia yote ilitaka mpira kwa ghafula, na baiskeli ilikuwa kati ya sababu za kwanza. Tangu 1885 Kongo ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili. Serikali yake, Bula Matari, ilisema kwamba nchi isiyo na shamba wala kijiji ni mali yake, na mpira wa porini ni mali yake vilevile. Mwaka 1892 kampuni iliyoitwa ABIR ilipewa nchi za mito Maringa na Lopori. Mwaka 1890 mpira uliotoka Kongo ulikuwa tani mia moja na kidogo. Mwaka 1901 ulikaribia tani 6,000.

Tani hizo hazikuletwa na biashara. Watu waliandikiwa kipimo cha kuleta. Kijiji kilichopungukiwa kilipelekewa askari; wanawake walifungwa mpaka waume walete mpira; wengi walipigwa risasi, na mikono ilikatwa ili askari waonyeshe kwamba risasi za Serikali hazikupotea bure. Wanaume walikaa msituni wakitafuta mitambaa ya mpira kila siku mbali zaidi, na mashamba yakabaki bila mlimaji. Njaa ikaja, na maradhi nyuma yake. Wazee wa Ekwateri waliwasimulia watoto wao habari hizi, na hao wakawasimulia wao.

Aliyegundua siri hiyo huko Ulaya alikuwa karani, mtu wa hesabu. Jina lake Edmund Dene Morel. Alifanya kazi katika kampuni ya meli ya Liverpool iliyosafiri kati ya Antwerpen na Kongo. Akisoma karatasi za mizigo aliona kwamba meli zilirudi zimejaa mpira na pembe za ndovu, lakini zilipokwenda zilibeba bunduki na risasi, na vitu vya kuwalipa watu havikuwapo ila kidogo sana. Akajiuliza: watu hawa wa Kongo wanalipwa kwa nini? Karatasi zilimjibu. Mwaka 1903 Roger Casement, konsuli wa Serikali ya Uingereza, alipanda mto kujionea kwa macho, na taarifa yake ikatoka mwaka 1904. Wamisionari nao walishuhudia, na tuseme kweli, wa kwanza walikuwa Waprotestanti. Kwa upande wa Wakatoliki wa Ubelgiji tumtaje Padri Vermeersch, Mjezuiti, aliyetoa mwaka 1906 kitabu cha kulaumu mambo yale. Mwaka 1908 Kongo iliondolewa mikononi mwa mfalme ikawekwa chini ya nchi ya Ubelgiji. Taabu haikwisha siku ile, lakini hiyo ni habari nyingine.

Tumeandika haya si kwa kuwahukumu wale 60,449. Wengi wao hawakujua. Tumeandika kwa sababu tunasoma hesabu ya mwaka wao mzuri kuliko yote, na hesabu iliyo kamili ina pande mbili.

Turudi katika chama chenyewe. Katika mwaka uleule wa 1899 kilipata somo jingine. Bibi Harberton, mke wa bwana mkubwa, alikuwa mwanachama, na alipenda wanawake waendeshe baiskeli wamevaa suruali pana, kwa sababu gauni refu lilinaswa na mnyororo. Mwezi wa Oktoba 1898 alifika katika hoteli moja ya Ockham, karibu na London, yenye kibao cha gurudumu la mabawa ukutani. Mwenye hoteli, mwanamke naye, alikataa kumkaribisha katika chumba cha wageni wa heshima kwa sababu ya mavazi yale. Akamwonyesha chumba cha wanywaji. Bibi Harberton akaenda zake. Chama kikamshitaki mwenye hoteli kwamba amemnyima msafiri chakula. Mwezi wa Aprili 1899 chama kikashindwa barazani: yule mama, walisema waamuzi, hakumnyima chakula, alimpa chumba kingine tu.

Kushindwa huko kulikuwa na gharama, na wanachama wengine walinung'unika. Hata hivyo, kwa maoni yetu, chama kilifanya vema. Kibao ukutani ni ahadi kwa kila mwanachama, na chama kisichotetea ahadi yake kwa ajili ya mmoja kitaishitakia nini kwa ajili ya wengi?

Baada ya 1899 hesabu zikaanza kushuka, tena upesi. Sababu gani? Baiskeli zilipungua? Hapana, ziliongezeka! Ajabu hii inafaa tuitazame vizuri. Katika miaka ya 1890 baiskeli njema ilikuwa na bei ya pauni 10 na zaidi, ndiyo kusema mshahara wa wiki nyingi wa mfanyakazi. Ilikuwa mchezo wa watu wenye nafasi. Baadaye viwanda vilitengeneza nyingi mno, bei ikaanguka, na mfanyakazi akanunua yake ya kwendea kazini. Hapo matajiri wakachoka nayo, wakaanza kununua motokari. Chama kikaona marafiki zake wa zamani wanaondoka, lakini hakikuwaona vizuri hawa wapya waliopita asubuhi na mapema, wamefunga chakula chao nyuma ya kiti. Wafanyakazi wengine walikuwa na vyama vyao. Clarion ilianza kule Birmingham mwaka 1894. Wengi hawakuwa na chama chochote. Hivyo orodha ya karani ilipungua wakati barabara zilipojaa baiskeli.

Wakubwa wa chama walifanyaje? Walisoma hesabu, wakaogopa, wakatoa shauri: tuwapokee pia wenye motokari, tuwe chama cha wasafiri wote. Tusiwacheke. Mtu anayeona sanduku la feza linapungua kila mwaka hutafuta mlango wowote. Mwaka 1906 wanachama waliulizwa, na wengi wakakubali kwa wingi mkubwa wa kura. Lakini kwa sababu chama kiliandikishwa kwa sheria kikiwa na shabaha zake, ilipasa kuomba ruhusa kwa hakimu. Hakimu Warrington akasoma maandiko ya mwanzo. Akaona kwamba shabaha moja ya chama ni kuwakinga waendesha baiskeli wanapoonewa na wengine barabarani. Akauliza, kwa ufupi: chama kitawakingaje dhidi ya wenye motokari, kama wenye motokari ndio wanachama wake? Akakataa. Hukumu hiyo iliandikwa katika vitabu vya sheria vya mwaka 1907, na wanasheria wa Uingereza wanaitaja hata leo.

Wengine watasema kwamba hakimu aliwaonea, kwa kuwa kura ni kura. Sisi tunaona hakuwaonea. Wale waliopiga kura walikuwa wenye chama kwa siku ile tu. Chama kilikuwa pia cha yule mfanyakazi ambaye bado hajaandikwa, na cha mtoto wake. Hao hawakuwa na kura.

Kukataliwa huko hakukujaza sanduku. Vita vya 1914 vikaja, vijana wakaenda kufa Ufaransa na Flandria, na vita vilipokwisha mwaka 1918 wanachama hawakutimia 10,000. Kutoka 60,000! Chama kingeweza kufungwa siku hizo bila watu wengi kulia. Lakini mwaka 1920 kazi ya karani ilipewa George Herbert Stancer, mwendesha baiskeli wa kweli, naye aliishika miaka 25. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu wa kawaida wa mijini, vijana wa viwandani na wa maofisini, walianza kutoka Jumapili kwa makundi, na sasa chama kiliwapokea. Hesabu zikapanda tena.

Shida mpya ilikuwa motokari zenyewe. Mwaka 1934 peke yake watu zaidi ya 7,000 walikufa katika barabara za Uingereza. Serikali ilijenga njia ya pembeni ya baiskeli katika barabara moja ya London, ikafunguliwa mwezi wa Desemba mwaka ule. Chama kilipinga kwa nguvu. Kiliogopa kwamba leo mtu atapewa njia ya pembeni, kesho atafukuzwa katika barabara kuu, ile haki ya 1888 ikapotea. Hapa hatuna hakika kama walipanga vema. Hofu yao ilikuwa na sababu, maana njia zile zilikuwa mbaya na fupi. Lakini nchi ya Waholanzi ilichukua njia nyingine, na anayetazama leo jinsi watoto wa Uholanzi wanavyokwenda shuleni kwa baiskeli bila hofu atajiuliza kama wale wazee hawakutetea barabara kuliko mtoto.

Baada ya 1950 petroli ilipatikana tena, kila jamaa ikatamani motokari, na chama kikapungua mara ya pili. Hatutafuata kila mwaka. Itoshe kusema kwamba swali la 1906 lilirudi kwa mavazi mengine. Mwaka 2012, baada ya mabishano makali, chama kiligeuzwa kuwa shirika la hisani, ndiyo kusema kazi yake ni kwa faida ya watu wote, hata wasiolipa mchango. Wanachama wengine waliona kwamba nyumba yao inatolewa kwa wapita njia. Wengine walijibu kwamba ni kurudi kwa ubao wa mlimani. Sisi tuko upande wa ubao.

Na katika nchi yetu? Baiskeli haikuwa mchezo kwanza. Ilimbeba katekista kwenda vijiji vya mbali, ilibeba mawese, makaa na mgonjwa. Katika Kisangani, miaka ya vita, toleka zilibeba mji mzima: abiria nyuma, mfuko wa mchele mbele. Kwa hiyo chama cha kinga cha parokia kikikaa kufanya hesabu ya mwaka huu na kupanga ujao, karani asome majina, ndiyo. Lakini asimame pia njia panda asubuhi moja, ahesabu wanaopita: mama wa soko, fundi, mwanafunzi aliyepakia wadogo zake wawili. Wangapi kati yao wanajua kwamba chama kipo? Wangapi walivunjika mguu katika mteremko ule ambao kila mtu anaujua na hakuna aliyeweka ubao? Nani anaweza kuziba mpira bila kulipa franka nyingi kwa fundi, na nani angependa kufundishwa? Mpango wa mwaka ujao utapatikana humo, upesi kuliko katika mabishano ya rangi ya fulana.

Kuhusu feza, shauri letu ni fupi: hesabu isomwe mbele ya wote, kwa sauti, na kitabu kibaki mezani kwa anayetaka kukifungua. Morel hakuwa na kitu kingine mkononi ila karatasi alizoachiwa kusoma.

Tangu mwaka 2016 chama kile cha Harrogate kinatumia jina Cycling UK. Vibao vya chuma havitengenezwi tena kama zamani, lakini katika vijiji vingine vya Uingereza bado vipo ukutani, juu ya milango ya nyumba ambazo nyingine zimekwisha kuacha kupokea wageni: gurudumu, na mabawa yake, rangi imebanduka.